Salamu za Krismasi kwa wanaorudi nyumbani, na kwa wanaoona haya kurudi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia mabegi yakiwa mlangoni. Kila Desemba, Wachagga tunapofungasha kurudi kwetu Kilimanjaro, majirani zangu hapa Dar es Salaam hunitania, "Mchagga, unaenda kuhesabiwa?" Nami hujibu, ndiyo, naenda kuhesabiwa. Utani wenyewe haukosei sana. Krismasi ya kwanza nayo ilikuwa safari ya kuhesabiwa. Luka anasema Yusufu alitoka Nazareti akapanda mpaka Bethlehemu kuandikwa, "kwa kuwa yeye ni wa mbari na jamaa ya Daudi". Hakuulizwa amechonga meza ngapi, na mji wenyewe ulikosa hata pa kumlaza. Jina lake liliandikwa kwa sababu ya ukoo wake, basi.

Kuna mwaka nilikataa kwenda. Kazi ilikuwa imeota mbawa mwezi wa nane, na Desemba ilinikuta sina kitu. Nilijua kwetu Marangu kunavyokuwa wiki ile: magari yamepangwa hadi kwenye migomba, na kila anayeshuka anatazamwa mikono. Nikampigia mama, nikamwambia nimebanwa na kazi. Akanyamaza kidogo. "Baba, kazi gani, na umeachishwa tangu Agosti? Sikukuzaa ili uniletee sukari. Kopa nauli, uje ule."

Nikakopa. Nilifika na begi moja, tena la nguo chafu, nikakuta kigoda changu kilekile karibu na mafiga. Lakini lililonishangaza ni la kesho yake. Niliamka kabla ya mtu yeyote, nikachukua panga, nikashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyenituma. Kibarua angeuliza kwanza malipo.

Nayasema haya kwa sababu Desemba waumini tunajihesabu vibaya. Tunakagua mwaka: mikesha niliyoikosa, ile hasira niliyoapa Januari kuiacha na bado ipo palepale, bahasha ya ahadi ambayo haijajaa. (Bahasha tuijaze, jamani, mtunza hazina asije akasema nimewapotosha.) Kisha tunaandika orodha mpya ya kujitesa nayo mwaka mzima.

Katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, wengi tunamkumbuka yule mdogo aliyetapanya mali. Mimi siku hizi namtazama zaidi kaka yake. Hakuondoka nyumbani hata siku moja, lakini msikilize anavyosema na baba yake, utadhani anadai mshahara: miaka yote hii nimekutumikia, na hujanipa hata mwana-mbuzi. Mbuzi wenyewe wake! Baba anamjibu kwa upole, "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Mdogo naye alikuwa amekariri hotuba njia nzima, aombe afanywe kama mmoja wa watumishi. Isomeni tena polepole: baba anaita watumishi walete joho kabla kijana hajaifikia sentensi hiyo. Ndugu wawili, mmoja kwa aibu yake na mwingine kwa bidii yake, wote wanaomba kibarua kwa baba aliyewazaa.

Ndiyo maana Noeli napenda kuisoma pamoja na Wagalatia 4. Mwana alizaliwa na mwanamke ili sisi tupokee hali ya kuwa wana: "wewe si mtumwa tena bali u mwana". Kusamehe, kusema kweli, kumvumilia shemeji mwenye maneno mengi mezani, hayo ni majani ya ng'ombe. Anayakata mtu ambaye kigoda chake kipo tayari. Panga linachosha vilevile, sikatai, na kuna asubuhi ninaamka na roho ya kibarua kabisa.

Basi pokeeni salamu. Mlioko barabarani, Chalinze mpaka Segera msishindane na mabasi. Wauguzi na walinzi mtakaokuwa zamu usiku wa mkesha, tutaimba kwa niaba yenu. Na wewe uliyeamua kubaki mjini kwa sababu mwaka umekwenda vibaya, piga simu nyumbani leo, usiseme umebanwa na kazi.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Sisi, Mungu akipenda, kesho jioni tutakuwa tumeshapita Himo.