Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wenye Nyumba na Watoa Huduma wa Malimbe na Nyegezi, Oktoba 2024 hadi Septemba 2025

Ndugu wanachama wenzangu,

Shikamooni wazee wetu. Na ninyi wengine, poleni na majukumu.

Kabla ya yote tumkumbuke mzee wetu aliyekuwa akichoma sato pale kona ya chini, aliyetangulia mbele ya haki wakati wa masika. Wanachuo aliokuwa akiwauzia walikuja msibani na rambirambi yao kwenye bahasha ya kaki, wakachota maji, wakaosha vyombo hadi usiku wa manane. Familia imeniomba niwashukuru wote, nami natimiza.

Mwaka wetu sisi hauanzi Januari. Unaanza Oktoba, siku mabasi ya Dodoma, Kigoma na Mbeya yanapowashusha vijana stendi ya Nyegezi, hapa kwetu Mwanza, na magodoro yaliyofungwa kamba, huku bodaboda wakigombania nani ampeleke nani Malimbe. Unapungua nguvu Februari, vijana wakiwa kwenye mitihani. Ikifika Agosti, njia ya chuoni inakuwa kimya kiasi kwamba mkaanga chipsi anazima jiko saa mbili usiku na kwenda kulala.

Wazee wetu wanakumbuka tulikotoka. Mwaka 1960 wamisionari wa Kikatoliki walianzisha hapa Nyegezi kituo cha mafunzo ya kijamii, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, hii SAUT tunayoiona. Jirani tunacho chuo cha uvuvi, na Butimba kuna chuo cha ualimu. Kila jengo lililoongezwa chuoni limezaa kwetu vyumba, vibanda vya steshenari, mawakala wa pesa na masufuria ya wali. Hakuna hata mmoja katika umoja huu anayekula ikiwa mwanachuo hajala. Naomba hilo mlishike, maana karibu yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Novemba ilitubana. Baadhi ya vijana bumu, yaani fedha ya mkopo wa masomo, liliwafikia kwa kuchelewa, kila mmoja na sababu yake: huyu jina limekosewa herufi kwenye akaunti, yule alikuwa hajasaini, mwingine hakupata mkopo kabisa na mzazi alikuwa akisubiri kuuza mpunga. Jioni moja nilikuwa natoka dukani nikamkuta binti wa mwaka wa kwanza amekaa juu ya begi nje ya geti la mwanachama mwenzetu. Pembeni yake kulikuwa na ndoo, ndani ya ndoo sufuria mbili, na kifuko cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alichofungiwa na mama yake. Wingu la mvua lilikuwa limeshafunga upande wa ziwani. Nilipomuuliza, akasema chumba alishaonyeshwa, dalali alishachukua hela yake ya mwezi mmoja, na simu ya dalali haipatikani tena. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita taslimu. Binti alikuwa na ya miezi miwili.

Nilimchukua akalala kwangu na wanangu. Asubuhi nilikwenda kwa mwenzetu, tukakaa, tukaandika karatasi: miezi miwili anatoa leo, iliyobaki atalipa kidogo kidogo hadi mwisho wa Januari. Tukaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa ikagongwa muhuri. Alimaliza kulipa kabla ya tarehe. Mwenye nyumba huyo yupo hapa leo, na ameniruhusu nilisimulie hili bila kumtaja jina. Namheshimu sana kwa kukubali.

Ndugu zangu, tufanye hesabu pamoja. Tangu mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ya mwanafunzi mwenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Kwa siku thelathini ni 300,000. Chumba cha 50,000 kwa mwezi, ukidai miezi sita, ni hiyo hiyo 300,000. Maana yake umemwambia kijana wa miaka kumi na tisa alipe kodi na akae mwezi mzima bila kula, bila kutoa kopi, bila nauli. Anayekubali masharti hayo ataishia kula kwa rafiki, au kutafuta msaada kwa watu ambao hata sisi tusingependa binti zetu wawatafute. Nina binti. Sisemi zaidi ya hapo.

Wakati wenye nyumba tukiwa tunadai miezi sita, wenzetu mama ntilie walikuwa wanawalisha vijana hao hao kwa mkopo. Mmoja wao alinionyesha daftari lake, lile kubwa la kaunta, jalada limelowa mafuta na kurasa za katikati zimeshikana kwa mchuzi. Haandiki majina ya kwenye vitambulisho. Ameandika Mrefu wa Sheria, Dada Miwani, Wale Wawili wa Ualimu, Mpole. Mbele ya kila jina kuna vijistari: wali maharage, wali maharage, chai chapati, ugali dagaa, tena wali maharage. Aliyelipa anakatwa kwa kalamu nyekundu. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa nikaona wekundu umetawala. Majina matatu tu yalikuwa hayajakatwa, na kuna mmoja aliyetuma hela kwa simu wakati wa likizo, akiwa kwao, akaongeza na ya soda.

Lakini imani hiyo ina gharama, na gharama yake ameibeba yeye peke yake. Mchele ameukopa, mkaa ameukopa. Wengine wanne katika umoja wetu walifika mahali wakachukua mikopo ya kausha damu, ile ya kulipa kila siku, na ukikosa siku mbili wanakuja kubeba. Mmoja alichukuliwa viti na meza mbele ya wateja. Tulilisikia jambo hilo kamati ikiwa kwenye kikao, tukakubaliana siku ile ile kuufungua mfuko wa dharura na kumkomboa. Fedha zote tulizowakopesha wanachama kutoka mfuko huo zimerudi. Mweka hazina atawasomea mapato na matumizi baada yangu, na nakala imebandikwa ofisi ya mtaa kwa anayetaka kuikagua kwa utulivu.

Njia nyingine ipo, na bado hatuitumii. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa. Kinachohitajika ni kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la biashara. Kina mama wa chakula, ninawaomba mjipange katika vikundi vidogo vya watu mnaoaminiana. Katibu atawasaidia kuandika, na kwa kazi hiyo hatawatoza hata shilingi.

Kuhusu maji, tuna cha kushukuru. Tangu mtambo wa Butimba uanze kazi, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, ile mikokoteni ya madumu iliyokuwa ikipita alfajiri imepungua sana mitaani kwetu. Walio juu kwenye mawe bado wanajaza usiku, na wanajua kupanga matanki yao. Kinachoniuma ni jambo la kwetu wenyewe. Kuna wanachama wanaofunga koki kwa kufuli na kumuuzia mpangaji ndoo ya maji ambayo tayari ameilipia kwenye kodi. Tumepokea malalamiko ya namna hiyo kutoka nyumba kadhaa, tumekwenda nyumba kwa nyumba, na nyumba zote isipokuwa moja wametuelewa. Hiyo moja tunaendelea kuzungumza nayo.

Luku: ugomvi wa nani amepikia jiko la umeme na nani ana taa moja tu umeisha kila mahali palipowekwa mita ndogo za vyumba. Ambao hamjaweka, wekeni.

Ulinzi shirikishi uliendelea, na vijana wa zamu wanastahili pongezi. Kompyuta mpakato bado zinaibwa, hasa kwenye vyumba vya madirisha yasiyo na nondo. Tulikubaliana kila geti liwe na taa ya nje hadi asubuhi, kwa sababu maktaba inafungwa usiku na wasichana wanarudi kwa miguu.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la ziwa. Vijana wengi wanaokuja kwetu hawajawahi kuliona ziwa maishani mwao. Mtoto wa Singida au Iringa akifika Malimbe, Jumamosi ya kwanza anavua viatu na kuingia majini, na nani atamlaumu? Maji yametulia, upepo mzuri. Lakini sisi tuliokulia hapa tunajua kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye magugu na maji ya kina kifupi ufukweni, hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali mchana, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Cha kwetu huku zaidi ni kile cha tumbo: tumbo linauma, choo kinatoka na damu, na kikikaa miaka kinaharibu ini. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo ni cha choo tu. Mwaka huu tulitengeneza mabango ya mbao tukayasimika kwenye njia tatu za kushukia ufukweni. Moja limeng'olewa, nadhani limekuwa kuni. Nawaomba wenye nyumba msitegemee bango. Mwambieni mpangaji wenu mapema, siku ya kwanza, wakati mnamkabidhi ufunguo.

Na kina mama wanaopika dagaa mmenieleza jambo ambalo wanachuo wanalilalamikia bila kulielewa, kwa nini sahani ya ugali dagaa inapungua ujazo wiki fulani fulani. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Taa zao ndizo zinazowavuta dagaa juu, na mbalamwezi ikitawala taa haina nguvu, mitumbwi inabaki imepaki mchangani na bei ya kisado inapanda. Mmoja wenu ameandika kwenye ubao wake kwa chaki: «Wiki hii mwezi umejaa, dagaa juu.» Tangu hapo hakuna anayemnung'unikia. Wengine mngeiga.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Mimi nimelala foleni ya kivuko pale Kigongo nikiwa na mgonjwa, kwa hiyo siwezi kuliandika hili kama habari ya kawaida. Sasa mnavuka kwa dakika chache. Wanachama wanaouza matunda tayari wanapata nanasi za Geita na ndizi za Kagera asubuhi badala ya jioni, na wazazi wa Sengerema wanaweza kuja kumwona mtoto wao na kurudi siku hiyo hiyo. Jiandaeni na jambo moja: baadhi ya wanafunzi wa ng'ambo ile wataanza kwenda nyumbani kila mwisho wa wiki, na mauzo ya Jumamosi yatabadilika.

Nawashukuru pia viongozi wa mitaa tuliowachagua tarehe 27 Novemba 2024. Milango yao imekuwa wazi kila tulipopeleka mkataba wa kugongwa muhuri.

Mifereji bado ni tatizo. Mvua za vuli zikianza, chupa za plastiki kutoka kwenye vibanda vyetu zitaziba tena lile kalavati la chini, na maji yataingia vyumbani kwa wale wale walioumia mwaka jana. Siku ya usafi ni Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi. Kila mwanachama aje au alete mtu.

Sasa naleta kwenu mapendekezo ya kamati, myapigie kura leo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asidaiwe kodi ya zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Atakayeshindwa hata hiyo, apewe mkataba wa awamu kama ule tulioandika Novemba. Dalali asilipwe na mpangaji mpaka ufunguo uwe mkononi na mwenye nyumba awepo. Fomu ya mkataba, ya ukurasa mmoja na kwa Kiswahili cha kueleweka, iko tayari kwa katibu. Najua wapo mnaoona tunajiumiza, kwamba miezi sita ndiyo iliyowajengea nyumba. Semeni hapa, tusikie sote, tusiende kusemea kijiweni. Mimi mwenyewe nina vyumba vinne, na kuanzia mwaka huu mpya vyote nimevitoa kwa masharti haya, kura ipite isipite.

La mwisho ni meza ya stendi. Kamati imeomba tuweke meza na bango pale Nyegezi siku wanafunzi wapya wanapoanza kuwasili, ili mtoto anayeshuka ajue nyumba za wanachama wetu kabla dalali hajamshika begi. Tunahitaji watu wawili kila zamu, kuanzia alfajiri mabasi ya usiku yanapoingia. Yule binti wa michembe sasa anaingia mwaka wa pili, na ameomba awe zamu ya kwanza. Anahitaji mwenzake wa kukaa naye. Karatasi ya majina iko mbele, kalamu ipo juu yake.

Mwenyekiti