Bwawa la mpunga lihesabiwe katika maji ya Pemba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze hali ya bwawa la zamani la kumwagilia mpunga katika bonde letu, Wilaya ya Wete. Mpunga wa kutegemea mvua tunauvuna mara moja, baada ya masika. Kwa maji ya bwawa tulikuwa tukiatika tena kipupwe kikiingia, na mavuno hayo ya pili ndiyo yaliyosomesha watoto wetu.

Sasa bwawa linajaa tope linaloporomoka kutoka vilimani, khasa kule ilikokatwa miti. Mwezi uliopita niliingia na upondo wa ngarawa hadi katikati: maji yaliishia kiunoni, na nilipoukandamiza upondo, tope liliumeza mpaka mkono wangu ukagusa maji. Lango la chuma limeliwa na kutu, limezibwa kwa mbao na magunia ya mchanga, na maji yanapenya usiku kucha kwenda mikokoni bila ya kumfaa mtu. Tukienda kuuliza, ofisi moja hutwambia kuwa hilo ni jambo la kilimo, na nyengine kuwa ni jambo la maji.

Kwa maoni yangu ni jambo la yote mawili. Visiwa vyetu havina mito mikubwa. Tunakunywa maji ya visima na chemchemi. Bwawa likiwa limejaa, visima vilivyo chini yake huhimili kaskazi. Likikauka, kina mama hukaa na kata mkononi wakingoja kisima kijae tena.

Huko Bara, bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, hupokea maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, na maji hayo hayo hutoa samaki, humwagilia mashamba na kuzalisha umeme pale bwawani, kisha Hale na Pangani. Tangu 1991 ipo ofisi ya bonde zima la mto Pangani inayotoa vibali vya kutumia maji. Ugomvi wa wakulima na wafugaji haukosekani, lakini mwenye shida anajua mlango wa kubisha hodi.

Tunaomba tope lizolewe na lango libadilishwe kabla ya masika yajayo, na kamati ya bwawa, chini ya sheha, iwaingize kina mama wa visimani, ili lango lisifunguliwe kwa ajili ya majaruba peke yake.

Mkulima wa mpunga,
Wete, Pemba