Mhariri, "changamkieni fursa" tumeisikia, hela ya kuanzia je?

Ndugu mhariri, salaam nyingi kutoka Makorora hapa Tanga, natumai wewe na wenzako hapo ofisini hamjambo. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, zamani nilikuwa nasoma gazeti la jirani likishakaa siku mbili na kufungiwa vitumbua, siku hizi nanunua mwenyewe. Nimeandika kwa sababu kila nikifungua ukurasa wa biashara nakuta kiongozi kakaa nyuma ya meza yenye maua anatuambia kina mama na vijana tuchangamkie fursa. Haya, tumeshachangamka. Sasa hela ya kuanzia iko wapi na mtu anaipataje, hapo habari inakatika inafuata picha. Naomba nafasi niseme nilivyopita mimi, maana mtaji nimewahi kuupata kwa njia mbaya na nikaja kuupata kwa njia nzuri.

Mi natengeneza mafuta ya nazi. Nilianza na nazi 30 za soko la Mgandini, shilingi 700 moja, nakuna kwa mbuzi ya kawaida ya kukalia, nakamua tui, nachemsha mpaka mafuta yaelee, napata chupa kumi za robo lita. Chupa naiuza 4,000. Ukitoa nazi 21,000, chupa tupu 3,000 na mkaa 4,000, nabaki na 12,000. Napika mara tatu kwa wiki kwa hiyo kwa wiki ni kama 36,000, si haba, mtoto anakula na ada ya madrasa inalipwa.

Tamaa ikaniingia, nikasema nikipata mbuzi ya umeme ntapika kila siku. Shoga yangu mmoja akanipeleka kwa wale wakopeshaji, si unawajua, kausha damu. Ofisi chumba kimoja, feni, meza na kalenda ya mwaka uliopita. Wakataka kitambulisho cha NIDA, picha mbili, barua ya mwenyekiti wa mtaa na orodha ya vitu vya ndani, wakaja mpaka nyumbani kuvipiga picha, TV, jokofu, kochi, mpaka mtungi wa gesi. Hawakuniuliza hata swali moja kuhusu mafuta. Ningekuwa na akili siku ile hapo hapo ningeshtuka, mtu anayekukopesha bila kuuliza unauza nini hategemei biashara yako imlipe, anategemea kochi lako.

Nimeomba laki tatu, wakakata 30,000 ya fomu na bima (bima ya nini mpaka leo sijaelewa), mkononi 270,000, marejesho 12,000 kila siku kwa siku thelathini. Piga hesabu, 360,000. Yaani nimechukua 270,000 nimerudisha 90,000 juu kwa mwezi mmoja, theluthi nzima. Na hiyo 12,000 ya kila siku ndo faida yangu yote ya siku moja ya kupika, na mi nauza siku tatu. Mashine nikanunua kweli, inakuna vizuri, sasa nikapika kila siku na chupa zikajaa chini ya kitanda kwa sababu wateja walikuwa wale wale, hakuna aliyeanza kupaka mafuta mara mbili eti kwa vile mimi nimekopa. Wiki ya tatu nikaanza kumlipa huyu kwa hela ya kukopa kule. Jokofu liliondoka, na mashine yenyewe nikaiuza kwa hasara.

Nisieleweke vibaya, wapo wakopeshaji wenye leseni wanaofanya kazi kwa utaratibu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewapanga watoa huduma kwenye madaraja manne na kila mmoja anatakiwa kuwa na leseni au kusajiliwa, mpaka vikoba vyetu vimo, daraja la nne. Na hii mikopo ya kwenye simu nayo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, ni zile ambazo ukichelewa siku moja wanampigia mpaka mkweo. Kuuliza leseni si ufidhuli jamani, muulize mtu leseni yake kabla hujampa kitambulisho chako.

Baada ya pale nikakaa kama miezi mitatu napika nazi kumi kumi. Aliyeninyanyua hakuwa benki wala serikali, alikuwa bwana mmoja anayeleta nazi kutoka Pangani. Nilikuwa nanunua kwake siku zote kwa taslimu, siku moja akaniambia mama chukua mia moja, uza, Ijumaa nipe changu. Mali kauli. Wenzangu wanaotafuta mtaji huwa wanaipita hii njia kama hawaioni, wanakimbilia benki kumbe mtaji umekaa kwa anayekuuzia malighafi. Haina riba, haina fomu, ila ina sharti moja, Ijumaa ni Ijumaa. Mara ya kwanza sikuwa nimemaliza kuuza, nikaenda Alhamisi jioni nikamwambia ninayo nusu, nusu Jumatatu. Akacheka, akasema wengi wakikosa wanazima simu. Toka siku hiyo nachukua mzigo bila neno.

Upande wa pili mteja naye anaweza kuwa mtaji. Kuna saluni moja barabara za Ngamiani huku walitaka lita kumi kwa mwezi, nikawaambia nusu mbele. Wakatoa. Hela ya kununulia nazi imetoka kwa anayekuja kununua mafuta, sa hapo nimemkopa nani? Na faida nyingine, nilijua mzigo una mwenyewe kabla sijawasha jiko, si kama zile chupa za chini ya kitanda.

Afu nikaingia kikoba. Tuko ishirini, kina mama watupu, Jumamosi jioni, hisa 5,000 na mtu ananunua moja mpaka tano, mfuko wa jamii 1,000 kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hata mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake. Unakopa mpaka mara tatu ya akiba yako, na ile ziada unayolipa hairuki kwenda kwa mtu, mwisho wa mwaka tukivunja inarudi kwetu kwenye mgao. Wengine wanaona kikoba ni mambo ya kununua vitenge na vyombo vya Ramadhani, na kweli wapo wanaokopa laki mbili wakavaa zote kwenye harusi ya wifi. Lakini mi pale nilijifunza kitu, katibu wetu alikuwa anaandika kila senti, nikasema mbona mimi biashara yangu haiko popote zaidi ya kichwani.

Nikanunua kauntabuku ya kwaya mbili. Tarehe, nazi ngapi, chupa ngapi zimetoka, ngapi zimeuzwa, nani kakopa. Mwandiko wangu mbaya lakini inasomeka. Nikachukua na lipa namba ili wateja wasilipe kwenye laini yangu ya nyumbani, maana hela ya chumvi na hela ya mafuta zikikaa pamoja chumvi inashinda. TIN, yaani namba ya mlipakodi, nikapata TRA, kuipata ni bure, msidanganyike na vishoka wa getini. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Kwa wanaotengeneza vitu vya kula au kupaka nendeni na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo toka 1973 na Tanga wana ofisi, ukipata barua yao ya utambulisho gharama za mwanzo za alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, mjasiriamali mdogo anasamehewa, na wenyewe wana mfuko wa kukopesha unaoitwa NEDF.

Sasa niseme kuhusu ile asilimia kumi ya halmashauri kwa sababu ndo inayoulizwa zaidi mtaani na ndo inayoelezwa vibaya zaidi. Halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Kwa sisi waislamu tunaokwepa riba hiyo peke yake ni nafuu kubwa (wanaotaka benki kabisa Amana ipo toka 2011, wao wanakununulia mali wanakuuzia kwa faida mnayokubaliana). 2022 tulijikusanya watano tukaomba. Kijana mmoja wa steshenari akatuuzia andiko la mradi elfu kumi na tano, limefungwa vizuri, lina jalada la plastiki, tukapeleka kwa afisa maendeleo ya jamii bila kulisoma. Yule dada akafungua ukurasa wa tatu akakaa kimya, afu akatusomea kwa sauti, "kikundi chetu cha ufugaji wa samaki kwa vizimba kilichopo Ukerewe." Nilitamani ardhi ipasuke. Akatuuliza nyie mnauza nini, tukasema mafuta ya nazi, akasema sasa samaki wa Ukerewe wanahusika nini na Makorora.

Tukaambiwa tujipange upya, na kabla hatujajipanga, 2023 serikali ikaisimamisha mikopo yote hiyo ya halmashauri. Watu walilalamika sana lakini tuseme kweli, ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilikuwa zinaonyesha mabilioni hayajarudi na vikundi vingine ni hewa, majina ya watu wasiojuana yameunganishwa siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Hata huku kwetu nawajua wanaogawana hela siku ile ile inapoingia, kila mtu na fungu lake, marejesho anaachiwa mwenyekiti. Hela zile ni ushuru wetu sisi sisi wa sokoni.

Iliporudi 2024 tukaandika andiko wenyewe. Kurasa nne, kwa mkono kwanza, mtoto wa jirani akatuchapia. Hatukuandika maneno makubwa, tumenakili tu kauntabuku: miezi kumi na nne, mwezi mzuri chupa 160, mwezi mbaya 70 (ule wa masika nazi zilipanda), wateja wa kudumu saba, tunashindwa kuongeza kwa sababu kukamua kwa mkono kunachukua siku nzima, mashine ya kukamua bei hii, tukiwa nayo tutalipa kiasi hiki kwa mwezi. Yule afisa safari hii hakuuliza maswali mengi, alifunua zile kurasa za masika akauliza mbona hapa mmeshuka, tukamweleza. Nadhani ule mwezi mbaya ndo uliotupa mkopo, andiko lililojaa faida tupu kila mtu anajua ni la steshenari.

Tumepewa milioni nne mwaka jana, sio tuliyoomba yote, tunarejesha kila mwezi na hatujaruka hata mmoja.

Kuna kitu kingine nilikiona hapa hapa Tanga kikanifungua macho. 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilienda sokoni kukopa kwa hatifungani ya kijani, yaani watu wanaikopesha hela za miradi ya mazingira na inawalipa riba, wanataka bilioni 53.12, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, miaka kumi. Wakapata na ziada. Mi nilidhani mamlaka ya serikali inachota tu hazina, kumbe na wao walilazimika kufungua vitabu vyao watu wauone ukweli, wana wateja wangapi, wanakusanya bili kiasi gani, kabla mtu hajatoa shilingi yake. Sasa kama wanaotuletea maji bombani wanaulizwa hesabu, mi na chupa zangu za robo lita nikiulizwa nanuna kwa nini?

Mambo ya wawekezaji wakubwa wa kununua hisa kwenye kampuni za teknolojia sitayagusa, hayo ni ya Dar na vijana wa kompyuta. Ndugu nao wanakopesha, ila andikeni, hata shemeji andikianeni, kwetu kuna mtu na kaka yake hawasalimiani mwaka wa sita kwa sababu ya pikipiki moja ambayo mmoja anasema ilikuwa mkopo na mwingine anasema ilikuwa zawadi.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Siku dirisha la maombi ya halmashauri likifunguliwa, liwe la Jiji la Tanga, Muheza au Pangani, chapeni tarehe ya kufungua na kufunga, chapeni vinavyotakiwa, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki ya kikundi, mchapishe pale pale mnapoweka picha ya mkata utepe. Wengi huku tunajua dirisha lilikuwepo siku limeshafungwa. Na mkiweza mtuchapie kila mara ile orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wenye leseni, hata kwa maandishi madogo, tutatafuta miwani.

Wako msomaji,
Mama Mafuta ya Nazi,
Makorora, Tanga.

Nimesahau: yule bwana wa nazi za Pangani nimemsomea barua hii, kasema niongeze kwamba watu wapya hawakopeshi mpaka wanunue taslimu miezi sita, msije mkamjazia watu pale Mgandini.