Pimeni vakyumu kabla ya kununua busta ya breki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wamiliki wa magari ya dizeli ya zamani, pamoja na mafundi wenzangu, kuhusu kosa linalorudiwa gereji baada ya gereji. Pedali ya breki huwa ngumu, au injini hukataa kuzimika hata baada ya ufunguo kuchomolewa, na papo hapo mteja huambiwa anunue busta (kifaa kinachotumia vakyumu kuongezea nguvu mkanyago wa breki), masta silinda (inayosukuma mafuta ya breki) au pampu ya vakyumu, yaani pampu inayonyonya hewa, kabla ya mtu yeyote kuchunguza kama kuna mahali hewa inapenya na kuharibu mvuto huo.

Injini ya dizeli ya aina hii haina mlango wa kubana hewa kama ule wa kabureta, hivyo haipati vakyumu ya kutosha yenyewe, na ndiyo maana imepewa pampu yake. Katika Mercedes-Benz 240D na 300D za miaka ya 1976 hadi 1985, pampu hiyo imefungwa mbele ya injini, na kazi yake haiishii kwenye breki. Ndiyo inayovuta kiwambo (utando wa mpira) kilichopo kwenye pampu ya dizeli ili injini izime, na kwa magari yenye vitasa vinavyojifunga kwa pamoja, ndiyo inayofunga milango. Kwa hiyo kiwambo kimoja kilichochanika ndani ya mlango wa abiria kinaweza kuifanya injini iendelee kunguruma wakati dereva ameshashuka.

Njia ya kumkamata mkosaji ni kutenga matawi. Kwenye bomba nene linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye busta kuna vichipukizi vya mabomba membamba. Chomoa bomba moja, ziba tundu lake, kisha jaribu tena kuzima injini. Tawi ambalo likizibwa injini inazima vizuri ndilo lenye tundu, na mara nyingi utakuta ni kiungo cha mpira kilichokauka na kupasuka, kitu cha bei ndogo kabisa. Ukikuta oili ndani ya bomba la kuzimia, kiwambo cha kuzimia chenyewe kimetoboka. Wakati kazi hiyo inaendelea, injini izimwe kwa wenzo ulioandikwa STOP uliopo juu ya injini, wala asijaribu mtu kuziba njia ya hewa kwa kiganja.

Nasisitiza pia suala la geji ya kupimia vakyumu, kwa sababu limeponza pampu nyingi zilizo nzima. Vitabu vya ufundi hutoa vipimo vya usawa wa bahari. Hapa Arusha tupo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambako shinikizo la hewa yenyewe ni dogo, na pampu iliyo nzima itaonyesha kama inchi 4 za zebaki (kipimo cha vakyumu) pungufu ya ile ile ikipimwa Tanga. Fundi asiyezingatia hilo huihukumu pampu bila hatia.

Kwa breki, kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Baada ya hapo zima, subiri dakika chache, ukanyage tena. Mkanyago wa kwanza ukiwa mgumu, vakyumu imevuja au vali ya kuzuia hewa isirudi imekufa.

Wenye Toyota za dizeli ambazo pampu yake imefungwa nyuma ya alteneta wawe waangalifu wanaponunua alteneta iliyotumika, kwa maana pampu yake pia inapaswa kupimwa kabla fedha hazijatolewa, na mpira unaoipelekea oili ukaguliwe. Vakyumu ikikosekana breki bado hushika, lakini kwa nguvu kubwa ya mguu ambayo dereva aliyeshtuka anaweza asiwe nayo. Gari lenye pedali ngumu lisiruhusiwe kuteremka milima mikali kama Kitonga wala Sekenke mpaka lipimwe.

Fundi wa magari,
Arusha