Maongezi ya Jumamosi: Ohio Theatre

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi hii saa 2 usiku tutaongelea Ohio Theatre, jumba la sinema lililo katikati ya jiji la Columbus, Marekani. Nimelisoma wiki nzima na limeniteka.

Lilifunguliwa Machi 17, 1928. Msanifu wake, Thomas Lamb, alilipamba kwa nakshi za Kihispania, dhahabu na nyekundu kila upande. Sinema bado zilikuwa bubu, hivyo walifunga kinanda kikubwa cha mabomba kusindikiza picha. Kinanda hicho kipo hadi leo, na kwangu hicho ndicho kiini cha habari yote.

Maana mwaka 1969 jumba lilikuwa limefungwa likisubiri kubomolewa. Roger Garrett, aliyewahi kuwa mpiga kinanda wake, alirudi kupiga muziki wa kuliaga. Watu walijaa. Badala ya kuliaga, wakaanza kuchanga! Ndani ya mwaka mmoja walipata zaidi ya dola milioni 2, na chama kipya cha sanaa, CAPA, kikalinunua. Ukarabati ulichukua miaka. Mwaka 1977 likatambuliwa rasmi kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Naomba kila mmoja aje na swali moja: sehemu ipi ya jumba kuukuu irudishwe ilivyokuwa, na ipi ibadilishwe? Mafundi na wachoraji ramani mlio humu, tunawategemea sana. Asanteni.