Mjomba, nani kakwambia uache mawazo?

Shikamoo mjomba.

Simu yako ni ya kitochi, kwa hiyo barua hii utaisikia binti yako atakapokusomea. Naiandika hadharani kwa sababu ana kwa ana naona haya, mpwa hamfundishi mjomba. Halafu masuka, yaani madereva, wa aina yako ni wengi mjini hapa, wamekaa vibarazani wanasingizia magoti.

Tangu ile ajali ya usiku, ulipoigonga Fuso iliyokufa njiani, hushiki tena usukani. Wewe unasema goti. Mama anasema, "Kaka yangu ana mawazo." Nimeligeuzageuza sana neno hilo. Mswahili akisikia fulani ana mawazo haulizi anawaza nini, anauliza kapatwa na nini. Kisha anatoa dawa ile ile ya siku zote: mwambieni aache mawazo. Nani aliwahi kuyaacha kwa kuambiwa? Siku walipokuambia usiifikirie tena ile Fuso, usiku wake uliiona mara ngapi?

Mimi pia yalinikuta miaka michache nyuma, sikukwambia. Nilikuwa kwenye foleni ya benki, moyo ukaanza kwenda mbio, nikajua nakufa. Vipimo vya moyo vikatoka safi, mara mbili. Ndipo nikapelekwa kwa mwanasaikolojia, mama mmoja mpole, aliyenipa daftari la mistari na kazi ya nyumbani kama mtoto wa darasa la nne. Nilikasirika kweli. Lakini daftari lile ndilo lililonirudisha benki, na ndilo nataka kukuletea.

Tiba yenyewe wanaiita tiba ya fikra na tabia. Mmoja wa waasisi wake ni Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani. Hapo mwanzo alikuwa akitibu kwa mtindo wa Freud, yule daktari wa zamani wa Vienna: mgonjwa analala kwenye kochi, anasimulia lolote linalomjia. Mgonjwa mmoja, mwanamke, alikuwa akisimulia mambo yake huku anahangaika. Alipododoswa ikaonekana kinachomhangaisha hakimo kwenye masimulizi. Kichwani mwake kulikuwa na sauti ya pili ikimwambia kwamba anamchosha daktari. Beck akaanza kuisaka sauti hiyo kwa wagonjwa wake wengine, akaikuta: fupi, ya haraka, inajitokea yenyewe bila kuitwa, na mwenye nayo anaiamini kama habari ya kweli. Katika miaka ya 1960 akajenga tiba yake juu ya ugunduzi huo.

Sauti yako naijua mjomba, uliitamka mwenyewe siku ya msiba wa jirani. "Mikono yangu ina nuksi." Miezi saba sasa unaishi ndani ya sentensi hiyo moja.

Kazi ya daftari ni kuipandisha sentensi kizimbani. Hakuna anayekutaka ujiaminishe kuwa wewe ndiye dereva bora Tanzania nzima. Unaulizwa tu ushahidi uko wapi. Haya, tuandike. Miaka 22 barabarani, ajali moja. Fuso limekufa njiani usiku, halina taa, hakuna hata tawi la mti lililowekwa nyuma, na trafiki waliandika hivyo hivyo. Idi, kijana aliyevunjika mguu siku ile, anatembea, alikuja kukusalimia kwa miguu yake. Upande wa pili wa ukurasa nako tuandike yaliyo kweli: ulikuwa umechoka, na ulikuwa unakimbizia hesabu ya tajiri. Hilo halifichwi, maana tiba hii haitaki uongo wa kujifariji. Ila "usiku ule nilichoka" na "mikono yangu ina nuksi" ni kesi mbili. Ya kwanza ina dawa, kulala vizuri na kukataa tripu ya mwisho. Ya pili haina dawa, ndiyo maana imekukalisha.

Halafu kuna kukwepa, na hapa ndipo naomba unisamehe mapema. Kila unapoiacha daladala ipite ukatembea hadi sokoni, unapata nafuu. Nafuu hiyo ni mtego. Mwili unaamini umesalimika kwa sababu umekwepa, na kesho hofu inadai zaidi. Ilianza na usukani, ikaja kiti cha mbele, sasa hata kijiweni huonekani na masuka wenzako wanadhani unaringa. Mimi nilianza kwa kuikwepa benki moja. Kabla ya miezi mitatu kwisha, hata foleni ya maandazi ilinishinda.

Beck mwenyewe alipitia humo. Utotoni alivunjika mkono, ukashika maambukizi, akapasuliwa, na tangu hapo akaogopa damu. Akaenda kusomea udaktari, akawa anaingia vyumba vya upasuaji na kubaki humo mpaka hofu ikalegea. Tena aliogopa kupita kwenye mahandaki ya barabarani, kifua kilikuwa kinambana. Alifariki 2021 akiwa na miaka 100.

Utaniambia hayo ni ya Wazungu na makochi yao. Moshi, na Bungoma kule Kenya, tiba ya aina hii ilijaribiwa kwa watoto waliofiwa na wazazi, katika utafiti wa watoto 640 uliochapishwa 2020. Waliowahudumia walikuwa washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, si madaktari. Watoto walisaidiwa kusimulia kilichotokea, kidogo kidogo, badala ya kukizungukia. Sheikh naye aendelee na dua, daftari haligombani naye.

Mimi si mtaalamu. Zile ndoto za vioo zinazokuamsha usiku zinataka mtu aliyesomea, na hospitali ya Muhimbili wapo. Nitakusindikiza siku utakayosema.

Wakati tunaisubiri siku hiyo, nikuombe kitu kidogo. Jumamosi nitakuja alfajiri, kabla deiwaka, dereva anayekushikia gari, hajaitoa Kosta uani. Utakaa kwenye kiti chako, mimi nitakaa mlangoni kama konda. Injini hatuwashi. Kabla hujapanda utanitajia hofu yako iko ngapi, sifuri mpaka kumi, na unachodhani kitatokea, nami nitaandika. Baada ya robo saa nitakuuliza tena. Ikiwa haijashuka tutaendelea kukaa mpaka ianze kushuka, chai nitakuja nayo kwenye chupa. Ukitaka kushuka, utashuka, na hakuna atakayekusema.

Deiwaka nimeshamwambia siku hiyo atachelewa kidogo kutoka. Sikumwambia kwa nini.