Waje Mei, si Desemba

Mhariri,

Mimi ni muuza samaki wa kukaanga hapa Tongoni, karibu na magofu. Desemba iliyopita wanafunzi wa chuo walituletea msaada wa unga. Nawashukuru, watoto wana adabu, shikamoo bibi haziwakauki mdomoni. Ila tulipangwa juani saa nzima tunapigwa picha, kila mtu na mfuko wake kifuani. Jirani yangu alijifunika uso kwa mtandio.

Tena ulikuwa unga wa sembe. Dona ingetufaa zaidi, maana haikukobolewa, kiini chake kimo.

Desemba bado tunahangaika, kitu kinapatikana. Waje Mei. Kusi inavuma, ngalawa zimelala ufukweni, mahindi ya masika bado machanga na kikaango changu kimeangikwa ukutani. Kijana mmoja aliniuliza, "Bibi, tukija Mei tulete nini?" Nikamwambia dona na maharage, na mje na majembe, palizi inatushinda sisi wazee. Akaandika kiganjani kwa kalamu ya wino. Sijui kama alinakili kabla ya kunawa.

Bibi muuza samaki,
Tongoni, Tanga